Sarufi ya Vidole

Bill Joy alitengeneza kihariri chake, programu ya kuandikia na kusahihisha matini, akiwa na laini mbovu. Ilikuwa nusu ya pili ya miaka ya 1970, mjini Berkeley, California. Kompyuta ilikuwa chuoni, yeye alikuwa nyumbani na terminali yake, na kilichowaunganisha ni waya wa simu na modemu ya baudi 300. Kasi hiyo hupitisha kama herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24, kila mstari herufi 80, hubeba herufi 1,920. Kuichora yote upya kungechukua sekunde 64. Mtu anayesubiri dakika nzima kila skrini inapobadilika hawezi kuvumilia kihariri chenye mbwembwe. Joy akakipa chake amri za herufi moja moja: x inafuta herufi, dd inafuta mstari, w inakusogeza neno moja mbele. Kompyuta iliambiwa machache, ikajibu machache, na kazi ikaenda. Kihariri hicho ni vi.

Hakuanzia patupu. Kabla yake kulikuwa na ed ya Ken Thompson wa Bell Labs, kihariri kilichokuonyesha mstari pale tu ulipouomba, na ukikikosea kilikujibu kwa alama moja ya kuuliza, basi. Mwaka 1976 George Coulouris, mhadhiri wa Queen Mary College ya London, alifika Berkeley na em, kihariri alichokuwa amekilainisha kutoka ed ili hata asiye bingwa akiweze. Joy na mwenzake Chuck Haley wakaipokea kazi hiyo wakaiendeleza, na mwaka 1979 vi ikatoka pamoja na toleo la pili la BSD, mkusanyo wa programu za mfumo wa Unix kutoka Berkeley. Terminali aliyoitumia Joy, ADM-3A, haikuwa na vitufe vya mishale vya peke yake. Mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L. Ndiyo maana hadi leo, kwenye kompyuta iliyonunuliwa jana Kariakoo, h inakupeleka kushoto na l inakupeleka kulia.

Naanza na laini mbovu kwa sababu sisi tunaijua. Yeyote aliyewahi kuingia kwenye seva iliyoko ng'ambo kwa intaneti ya simu, bando likikaribia kuisha na mtandao ukiyumba, anajua thamani ya zana inayopokea herufi tatu na kumaliza kazi. Vihariri vizito vinavyotaka kuvuta mafaili, rangi na vidirisha kabla ya kukuruhusu kusahihisha mstari mmoja huganda hapo hapo. Vi haigandi. Ilizaliwa katika uhaba, na uhaba ukaifundisha adabu ya kutopoteza.

Lakini kama faida yake ingeishia kwenye laini mbovu, nyaya za faiba zingekuwa zimeshaizika. Kuna jambo la ndani zaidi, nalo ndilo linalonifanya niupende ufundi wa kutumia kihariri na kuusifu bila kusita.

Kaa pembeni ya mtu anayetengeneza programu, umtazame. Haandiki sana. Anasoma. Anafungua faili, anashuka, anapanda, anaruka kwenye faili jingine kuona fanksheni fulani imeandikwaje, anarudi, anabadilisha neno moja, anajaribu, anarudi tena. Msimbo mwingi anaoushughulikia uliandikwa na wengine, au na yeye mwenyewe miezi mingi iliyopita, ambayo ni karibu sawa na kuandikwa na mgeni. Kazi yake ni kushika kichwani vitu vitano au sita kwa wakati mmoja: jina hili linatoka wapi, thamani hii inaenda wapi, nikigusa hapa kule kutavunjika nini. Vitu hivyo vikishapangika kichwani hukaa kwa tabu. Kinachoviangusha ni vijambo vidogo: kutafuta kipanya kwa mkono, kulenga mabano madogo kwenye skrini, kukosa, kulenga tena, kushuka mistari mia mbili kwa kubonyeza kitufe cha chini huku ukisahau ulishuka kufanya nini. Kihariri kinachotumika vizuri huondoa vijambo hivyo njiani, wazo likafika kwenye faili likiwa zima.

Wanaosema kuwa ufundi wa kihariri ni mashindano ya kuchapa haraka hawajautazama kwa makini. Nimefanya kazi na watu wenye vidole vya polepole kabisa ambao jioni wana kazi nyingi na safi kuliko wote chumbani. Vidole vyao havikimbii kwa kuwa havina safari za bure.

Siri ya vi, na zaidi ya mrithi wake Vim, ni kwamba amri zake zina sarufi. Kuna vitenzi vichache: d ni kufuta, y ni kunakili, c ni kufuta na kuandika kingine pale pale. Kuna na majina ya vitu, yaani vipande vya matini jinsi mtu anavyoviona: iw ni neno ulilosimama juu yake, i( ni yote yaliyo ndani ya mabano, i" ni yaliyo ndani ya alama za nukuu, ip ni aya nzima, it ni yaliyo kati ya lebo mbili za HTML. Unachukua kitenzi, unaweka kitu, sentensi imekamilika. Dip, aya imeondoka. Yi", maneno yaliyonukuliwa yamenakiliwa.

Tuseme katika programu ya malipo kuna mstari huu: tuma_ujumbe(mteja.simu, "Malipo yamepokelewa", kipaumbele=1). Unataka kubadilisha vyote vilivyomo kwenye mabano. Kwa kipanya unalenga baada ya bano la kwanza, unabonyeza, unaburuta hadi kabla ya bano la mwisho, mara umepitiliza, unarudi herufi moja, ndipo unaandika. Kwa Vim kishale kinaweza kuwa popote ndani ya mabano hayo, hata katikati ya neno Malipo. Unaandika ci( na mabano yanabaki matupu, nawe uko ndani yake tayari kuandika. Hukuhesabu herufi. Hukutafuta mwanzo wala mwisho. Umesema tu unachokitaka, na hivyo ndivyo ulivyokuwa umekiwaza: badilisha yaliyomo mabanoni. Na ukikutana na mstari mwingine wa namna hiyo mbele, unabonyeza nukta, kitufe kimoja, na badiliko lile lile linarudiwa hapo. Nukta ni amri ninayoipenda kuliko zote. Inamtaka mwandishi apange badiliko lake kama tendo moja kamili, lenye mwanzo na mwisho, ili liweze kurudiwa; na anayezoea kufikiri hivyo hata msimbo wake huanza kupangika.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana haki ya kujisikia yuko nyumbani hapa. Lugha ilipopokea kitenzi kipya kama -chati, hakuna aliyesubiri afundishwe ndipo aseme tulichati, hawajachatiana, wanaochati. Viambishi vilikuwepo tayari na vilishika mzizi mpya siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyo kwa Vim. Ukijua vitenzi vitatu na vitu kumi una sentensi thelathini, na ukijifunza kitu kimoja zaidi umepata tatu nyingine bila kuzisomea. Orodha ndefu ya vifupisho vya kibodi humtaka mtu akariri kila kimoja peke yake, na kila kimoja hufa peke yake kisipotumika. Sarufi hujilisha.

Hivi karibuni nilihitaji mikoa ya Tanzania iingie katika programu ya usajili. Nilikuwa na orodha ya majina 31, kila jina mstari wake: 26 ya Bara kwa mpangilio wa alfabeti, kisha mitano ya Zanzibar, wa mwisho Mjini Magharibi. Programu, iliyoandikwa kwa Python, ilitaka kila jina liwe ndani ya alama za nukuu na lifuatwe na mkato. Kazi ya namna hii ni ndogo mno kuandikiwa programu yake na ni ya kuchosha mno kufanywa kwa mkono, na kwenye kazi kama hizo ndipo ufundi huonekana.

Ukiwa juu ya Arusha, unaandika qa, yaani anza kurekodi kwenye rejista a. Kisha I kubwa, ambayo hukupeleka mwanzo wa mstari na kukuruhusu kuandika, unaweka alama ya nukuu, Esc. Halafu A kubwa, inayokupeleka mwisho wa mstari, unaweka nukuu ya kufunga na mkato, Esc. Unabonyeza j kushuka mstari mmoja, na q kumaliza kurekodi. Arusha imeshavalishwa, kishale kiko juu ya mkoa unaofuata. Sasa unaandika 30@a: rudia yaliyo kwenye a mara thelathini. Kabla hujaondoa kidole, mikoa yote imekaa sawa. Kwenye mstari wa mwisho j inakosa pa kushukia na marudio yanakoma yenyewe. Mkato uliobaki baada ya Mjini Magharibi hauna neno, Python haiujali.

Ningependa anayejifunza akae hapa kidogo, kwa sababu kuna njia nyingine ya kurekodi ambayo kwenye mstari wa kwanza inaleta matokeo yale yale. Badala ya A kubwa, mtu anaweza kwenda kulia hatua sita, kwa kuwa Arusha ina herufi sita, kisha akaweka nukuu ya kufunga. Kwenye Dodoma itakubali. Iringa, Kagera, Kigoma, Mwanza, Tabora zitakubali. Mikoa 13 ya Bara ina majina ya herufi sita hasa. Mafupi kama Mara na Lindi yatapita pia, maana kishale kikifika mwisho wa mstari husimama. Lakini Dar es Salaam itafungiwa nukuu baada ya "Dar es". Kilimanjaro itabaki "Kilima", njaro ikining'inia nje. Morogoro itapoteza ro yake. Aliyerekodi hatua sita aliiambia mashine alichokifanya kwa vidole. Aliyerekodi A kubwa aliiambia alichokikusudia, mwisho wa mstari, popote ulipo. Hilo la pili ndilo utengenezaji wa programu wenyewe, ukifanyika kwa kiwango cha mstari mmoja wa matini. Mtu akishalishika kwenye kihariri, atalishika na kwenye programu kubwa, ambako watu hukosea jambo hilo hilo kwa gharama kubwa zaidi.

Najua kinachowafukuza wengi kabla hawajafika hapa. Ni hali mbili. Ukifungua Vim na kuanza kuandika "kumbe", herufi haziandikiki, kwa sababu uko katika hali ya amri, na kila herufi unayobonyeza ni agizo. Lazima kwanza ubonyeze kitufe kama i kuingia hali ya kuandika, na Esc kutoka. Mgeni hujiona amefungiwa mlango. Mwaka 2017 mtandao wa Stack Overflow ulitangaza kwamba swali la jinsi ya kutoka ndani ya Vim lilikuwa limeshatembelewa zaidi ya mara milioni moja. Jibu ni Esc, kisha :q! na Enter kama hutaki kuhifadhi, na sioni haya yoyote kwa mtu kuuliza.

Hoja dhidi ya hali mbili ilikuwa na mtetezi mkubwa. Larry Tesler, aliyekuwa Xerox PARC katika miaka ya 1970 na mmoja wa waliotupatia kukata, kunakili na kubandika kama tunavyokujua leo, alichukia programu zenye hali tofauti kiasi kwamba namba ya gari lake ilikuwa tangazo la kuzipinga. Aliona watu wakibonyeza kitufe wakitegemea hiki na kupata kile, akaamini kosa ni la programu. Kwa katibu muhtasi anayeandika barua, Tesler alikuwa sahihi, na dunia ya kompyuta ikamfuata kwa haki. Mwandika barua muda mwingi anaandika. Anayetengeneza programu muda mwingi anatembea ndani ya maandishi yaliyopo. Kwake yeye ni sawa kabisa kwamba hali ya kawaida, ile unayoirudia kila unapopumzika, iwe ya kutembea na kubadilisha, na kuandika kuwe ni kitu unachokiingia kwa kusudi na kutoka ukimaliza. Nilipolielewa hilo, Esc iliacha kunikera. Ikawa ni kumaliza sentensi.

Kuna na habari ya umeme. Huku kwetu umeme hukatika, na betri za kompyuta za mitumba hazina ahadi. Vim, kimya kimya, huweka faili la akiba pembeni ya lile unaloliandika, na hulijazia kila baada ya herufi 200 au ukitulia kwa sekunde nne. Mashine ikizimika ghafla, ukirudi na kufungua faili lako unaulizwa kama unataka kurejeshewa. Mara nyingi kinachokosekana ni nusu ya mstari. Na tangu toleo la 7.3 la mwaka 2010 unaweza kuiagiza ihifadhi hata historia ya kutendua, ili kesho, baada ya kufunga na kuzima, bado uweze kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kazi ya leo. Historia yenyewe ni mti. Ukitendua mambo kadhaa kisha ukaandika kitu kipya, vihariri vingi hukitupa kile ulichokitendua. Vim hukibakiza kama tawi. Unaweza kuandika :earlier 10m na faili likarudi lilivyokuwa dakika kumi zilizopita. Anayejua kwamba hakuna kinachopotea hujaribu mambo kwa uhuru. Hupasua fanksheni nzima kuona ndani yake kuna nini.

Sisemi kwamba kila mtu atumie Vim. Emacs, kihariri kingine, ina umri wa vi, nayo ilitoka kwenye maabara za MIT walikokuwa na laini nzuri. Wapo mafundi walioijenga ikawa dunia yao yote, na wanazalisha. Vijana wengi ninaofanya nao kazi wanatumia VS Code, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2015. Mwaka 2016 Microsoft ileile ilifungua itifaki inayokiwezesha kihariri chochote kuzungumza na programu inayoielewa lugha ya msimbo, na tangu hapo kuruka hadi pale fanksheni ilipoandikiwa, au kubadilisha jina la kitu mahali pote linapotumika, kumekuwa ni mali ya vihariri vyote, Vim ikiwemo. Hilo lilikuwa jema kubwa. Ndani ya VS Code pia kuna ufundi: Ctrl+P na herufi chache za jina la faili badala ya kuchambua folda kwa kipanya, F12 kwenda kwenye chimbuko, Ctrl+D kushika neno hilo hilo linapojirudia na kuyabadilisha yote kwa pamoja. Kinachonisikitisha ni mtu mwenye kipaji anayekaa na kihariri chake miaka akikitumia kama daftari, akishuka mstari kwa mstari, akinakili na kubandika mara arobaini kitu ambacho kingesemwa mara moja. Zana haimkatazi. Hajaiuliza tu.

Wapo wanaodhani haya yote yamepitwa na wakati kwa kuwa akili mnemba sasa huandika msimbo. Mimi naona kinyume chake. Ikiwa mashine itanitolea mistari mia tatu kwa dakika, nani atakayeisoma? Jina litakalojibu kwa ajili yake kazini ni langu. Kusoma, kuruka kwenye chimbuko, kurudi nilikotoka kwa Ctrl+O, kulinganisha vipande viwili ubavu kwa ubavu, kuondoa kisichofaa na kuacha kinachofaa: kazi hizo zimeongezeka, na zote ni kazi za kihariri. Uandishi umepata msaidizi. Usomaji bado ni wangu.

Njia ya kujifunza aliionyesha Bram Moolenaar, muundaji wa Vim, katika makala aliyoiandika mwaka 2000 kuhusu tabia za uhariri bora. Hatua zake ni tatu: tambua unapopoteza muda, tafuta njia ya haraka zaidi, kisha ifanye iwe mazoea. Ya tatu ndiyo inayowashinda watu, na ndiyo iliyobeba zote. Kusoma orodha ya amri hakufundishi kitu, zinaingia na kutoka. Kinachofundisha ni kujikuta umefanya jambo lile lile lenye kukera kwa mara ya tatu asubuhi moja, ukasimama, ukauliza kama kuna njia, ukaipata, kisha ukajilazimisha kuitumia hata pale ile ya zamani ingekuwa ya haraka zaidi kwa siku hizo chache. Amri moja kwa wakati. Ukiongeza ya pili kabla ya kwanza haijakaa vidoleni, zote mbili zinakimbia. Vim huja na somo lake, vimtutor, la takriban nusu saa, na huo ni mlango unaotosha.

Nina neno pia kwa wanaoanza kwa kunakili faili la mipangilio la mtu mwingine, mamia ya mistari ya maamuzi ambayo hawakuyafanya. Kihariri kinageuka nyumba ya kupanga ambayo swichi zake huzijui. Anza na mipangilio mitupu. Ongeza mstari siku unayouhitaji, na uwe na uwezo wa kueleza kila mstari unafanya nini. Na jioni nzima iliyotumika kuchagua rangi za skrini ihesabiwe kuwa ni burudani, kazi haikufanyika.

Moolenaar alikuwa Mholanzi, aliyezaliwa mwaka 1961. Mwaka 1988 alinunua kompyuta ya Amiga, akaikosa vi aliyokuwa ameizoea kwenye Unix, akachukua programu ndogo iliyoitwa Stevie iliyojaribu kuiga vi, akaanza kuisahihisha kwa matumizi yake. Mwaka 1991 aliitoa kwa umma, kwa jina la Vim, kwenye mfululizo wa diski za Fred Fish, zilizokuwa zikisambaza programu za bure kwa wenye Amiga. Akaiendeleza kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, mji mdogo wa Rakai, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Ng'ambo ni Kagera yetu. Rakai ilikuwa imeumizwa na UKIMWI kuliko karibu mahali pengine popote, na watoto wengi walikuwa wamebaki bila wazazi. Katika kituo cha watoto cha Kibaale Moolenaar alijitolea mwaka mzima, akisaidia kupanua kituo na kushughulikia maji na usafi wa mazingira. Aliporudi Uholanzi hakukubali jambo liishie hapo. Alianzisha mfuko wa hisani wa kuwasomesha watoto wa kituo hicho, na akaiweka Vim yenyewe kwenye kazi hiyo: tumia programu upendavyo, nakili upendavyo, lakini anayeweza aombwe kuchangia watoto wa Uganda. Kwa miaka mingi, kila aliyefungua Vim bila kuitajia faili, awe Tokyo, São Paulo au Dodoma, alikutana na mistari michache katikati ya skrini, mmojawapo mara nyingi ukiitaja Uganda. Kwa mamilioni ya watu wa fani hii, jina la nchi ya Afrika Mashariki ndilo lililokuwa kwenye mlango wa chombo chao cha kazi.

Hilo hunigusa kila nikilifikiria, wala sioni kama ni mambo mawili yaliyokutana kwa bahati. Mtu aliyeweza kukaa miaka akijiuliza kwa nini mtumiaji abonyeze vitufe vitano wakati viwili vinatosha ndiye aliyeweza kuangalia kisima na choo cha kijijini, akaona panapokwama, akaanza hapo. Na alibaki. Kuanzia 2006 hadi 2021 alifanya kazi Google huko Zürich, na katika miaka yote hiyo aliendelea kupokea marekebisho ya Vim, kuyasoma, kuyajaribu na kuyaingiza mwenyewe, moja baada ya jingine, kila moja na namba yake. Waliomtumia marekebisho wanajua alivyosoma hadi mstari wa mwisho.

Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Christian Brabandt na wenzake waliokuwa wakimsaidia kwa muda mrefu wakaishika kazi. Toleo la 9.1 lilitoka Januari 2024, na wakalitoa kwa kumbukumbu yake. Marekebisho madogo madogo yenye namba zake yanaendelea kuingia, wiki baada ya wiki, na mengi ni ya aina ambayo angeitambua: kishale kinachotua herufi moja kando ya panapotakiwa, amri iliyoandika ujumbe mrefu pasipo sababu.